Majina Matatu ya Babu

Muheza, 4 Februari 2024

Kabla sijamuuliza mtu yeyote lolote kuhusu Babu Mngoni, nimegawa ukurasa katikati kwa rula. Kushoto yanayojulikana, kulia yanayosemwa. Ukarani haunitoki.

Kushoto: Alikuwa mkata mkonge. Alimwoa bibi, Mbondei wa hapa hapa Muheza. Walizaa, wengine wakazika, wengine wakakuza. Alifariki 1989, kibao cha kaburi kipo na kinasomeka. Basi.

Kulia kumejaa. Kwamba alitoka Songea. Kwamba alikuja kwa miguu, au kwa lori, au kwa treni, kutegemea umemuuliza mtoto wake yupi. Kwamba alikuwa Mkristo akasilimu ili apewe mke. Kwamba kwenye kambi ya mkonge aliitwa jina lingine. Kwamba aliacha mke kwao. Hili analisema mtu mmoja tu, na ana sababu zake.

Kila la upande wa kulia nimeliandikia nani kalisema na siku aliyolisema. Mtu akianza na "inasemekana", namuuliza imesemwa na nani. Mara nyingi huyo msemaji yu hai na anakaa mtaa wa pili.

Binamu wa Dar ananihimiza nianzie kwenye intaneti. Amenitumia anwani ya FamilySearch, ya bure kabisa. Nimefungua nikazunguka humo hadi macho yakauma. Kwa mtu ambaye mababu zake waliandikwa na makarani wa Uingereza au Marekani tangu karne za nyuma, hiyo ni hazina. Kwa mjukuu wa manamba, kibarua wa mkonge, pa kuanzia ni kwa shangazi. Nyaraka zina kuta na walinzi. Shangazi ana presha.


18 Februari

Nimemkuta shangazi uani anachambua mchele. Sikumwondoa pale. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hausitisiti, na mtu hakai kama aliyeitwa kituo cha polisi. Simu nimeiweka juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, maana juu ya meza tupu inanasa kila kishindo cha ungo, kisha nikaitia hali ya ndegeni isije ikapigwa katikati ya neno. Nikaanza kwa kutaja tarehe, mahali, jina langu na lake, na kwamba amekubali kurekodiwa. Aliposikia natamka jina lake lote akavuta mtandio kichwani, kana kwamba anapigwa picha.

Mtu wa rika lake haulizwi mwaka. Nilimuuliza: "Shangazi, mlipohama kambini, ulikuwa umeshaanza kutumwa kisimani?" Hapo akafunguka. Ndoo ilikuwa debe la mafuta ya taa lililofungwa kamba, njia ilipita nyuma ya korona, kiwanda cha kuchambulia mkonge, maji machafu ya mkonge yalinuka hadi kwenye nguo, na mnyapara fulani alikuwa akiwafukuza watoto na filimbi. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, alimbeba mdogo wake mgongoni kwenda kuona ngoma. Mtoto wa kubeba mwingine hapungui miaka tisa. Sasa nina mwaka wake wa kuzaliwa, wa kukisia, lakini wa kuaminika kuliko ule wa kitambulisho. Kwa mujibu wa vitambulisho vya NIDA nusu ya ukoo wetu wamezaliwa tarehe 1 Julai.

Nimejitengenezea orodha ya vigingi vya kufungia miaka: nzige, vita vya Hitla, Uhuru, sensa ya 1967, mashamba kutaifishwa mwaka huo huo, unga wa njano ulioitwa yanga katikati ya miaka ya sabini, vita vya Amin, foleni za sabuni. Kila familia ina vigingi vyake pia. Cha kwetu ni mafuriko yaliyoondoka na choo.

Alihesabu watoto wa bibi kwa vidole. Baada ya baba yangu alikuwepo wa kike aliyefariki kabla hajatambaa. "Alipewa jina la kikwao babu yako, yeye mwenyewe ndiye aliyelitaka. Mama hakulipenda. Mimi nimelisahau." Nimeandika: mtoto wa tatu, wa kike, jina la Kingoni, halijulikani. Watoto waliokufa wachanga hawapo kwenye karatasi yoyote, na watu huwaruka wanapohesabu, kwa hiyo huwa naomba zihesabiwe mimba na si watoto.


25 Februari

Kopo la biskuti la shangazi limetoka uvunguni. Juu kulikuwa na vifungo, sindano, risiti za luku. Chini kabisa, ndani ya bahasha ya khaki, karatasi za babu.

Stakabadhi za kodi ni ndogo kama kiganja, zimekunjwa mara mbili, na mikunjo imekuwa myeupe. Mtu asiyekuwa na stakabadhi enzi za Mwingereza alikamatwa njiani, kwa hiyo zilitunzwa kuliko cheti chochote. Ya zamani kuliko zote ni ya Songea, 1947. Jina la kwanza limeandikwa kwa wino wa buluu uliopauka, la Kikristo. La pili ni la baba yake.

Kisha kipande, yaani kadi ya kazi ya mkonge, cha 1953. Visanduku thelathini, kimoja kwa kila siku ya kazi, kila kimoja kikiwa na alama ya karani. Ukikiangalia kwa pembeni dirishani unaona shinikizo la penseli: siku za mwanzo alama zimesimama, za mwisho zimelala, karani kachoka au kalewa. Kisanduku kimoja kina alama iliyofutwa kisha ikarudishwa. Ubishi wa siku hiyo ulimgharimu babu sijui nini, maana mshahara ulilipwa kipande kikishajaa, hata kama siku thelathini hizo zimechukua muda mrefu kuliko mwezi. Jina la kwanza ni la utani wa kambini, silitaji maana si zuri. La pili, lile lile la baba yake.

Na kibao cha kaburi kina jina la Kiislamu, bin, na baada ya bin ni yule yule.

Majina matatu, baba mmoja. Padri alimpa lake, karani lake, mwalimu wa dini lake. La baba hakuna aliyeligusa. Kuanzia leo natafuta kwa jina la baba, haya ya mbele nayaacha yabadilike yatakavyo.


9 Machi

Mzozo na binamu. Anataka kipande kikapigwe laminesheni hapo stendi, "kidumu milele". Nimekataa. Ile plastiki inashikana kwa moto, haitoki tena bila kupasua karatasi, na unyevu ukishafungiwa ndani hauna pa kwenda. Vyeti vyetu vya shule vimegeuka njano humo humo ndani. Gundi ya selotepu nayo ni hivyo hivyo: miaka kumi tu, inaacha alama ya kahawia na maandishi yameondoka nayo.

Nilichofanya: pini na klipu nimezitoa, kutu ilikuwa imeshaanza kula kona. Kila karatasi nimeipiga picha mbele na nyuma, mchana, karibu na dirisha la kaskazini, bila flashi, na rula ndogo pembeni ili ukubwa ujulikane. Kisha kila moja ndani ya karatasi nyeupe safi, zote ndani ya boksi, boksi juu ya kabati na si sakafuni, mbali na ukuta wa nje. Tanga hii, sakafuni ni kwa mchwa. Vidonge vya kufukuza mende sitii humo. Afadhali nifungue boksi kila mwezi niangalie.

Picha za familia nimezigeuza nikaandika nyuma, ukingoni, kwa penseli laini. Wino wa kalamu ya kawaida unatokea upande wa pili. Nimeandika nani yupo kuanzia kushoto, na pale nisipojua nimeandika "mwanamke mwenye hereni, haijulikani", kwa sababu ukiacha wazi atakayefuata atadhani ulimjua ukaona haina haja.

Nikawatumia ndugu kwenye kundi la WhatsApp, wakasema hazionekani vizuri. WhatsApp inaibana picha. Ukitaka ifike kamili itume kama hati, si kama picha. Asili nimeziweka kwenye flashi mbili, moja yangu, moja kwa dada yangu aliyeko Arusha, na nakala nyingine kwenye barua pepe. Nyumba ikiungua Muheza, Arusha haitaungua siku hiyo hiyo.


13 Machi

Ramadhani. Shangazi hataki maswali mchana, na usiku anasema amechoka. Nimesimama.

Usiku huu nimesoma mambo ya mkonge. Hapa Tanga kila mtoto wa shule amesikia kwamba Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche mwaka 1893, na kati ya yote iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Miche inajulikana idadi. Waliokuja kuikata, kutoka Songea, Kigoma, Burundi, Msumbiji, wanajulikana kwa maelfu tu. Mwanzoni mwa miaka ya sitini nchi hii iliuza zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, na tani nazo zimeandikwa vizuri mno.

Sisemi hivyo kulalamika. Ni kujua tu kwamba kila karatasi ilikuwa na kazi yake. Stakabadhi ilitaka hela, kipande kilitaka siku. Haikuwepo karatasi iliyotaka kujua mama yake babu ni nani, isipokuwa labda ya kanisa.


21 Aprili

Idi imepita, watu wamekula, watu wanacheka. Mke wa marehemu baba mkubwa kaleta kaseti. Juu yake, kwa mwandiko wa baba yangu: "Mzee, Idi 1986".

Sikuitia kwenye redio mara moja. Kwanza nimevunja vile vijipengele viwili vya plastiki kwenye ukingo wa juu, mtu asije akabonyeza kitufe chekundu akarekodi taarabu juu ya babu. Kisha nimeipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma yote, taratibu, maana mkanda uliolala miaka mingi hushikamana. Fundi wa redio sokoni alisafisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba, akaunganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta yake. Nimemwambia asiondoe mvumo wala kelele, ahifadhi kama ilivyo, faili kubwa la WAV. Ya kusafisha tutasafisha nakala.

Sauti ya babu. Nilikuwa nimeisahau kabisa, ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Anaongea Kiswahili kidogo, kisha anahamia Kingoni, dakika nzima na zaidi, na nyuma yake baba yangu anacheka kama mtu asiyeelewa. Hakuna hata mmoja kati yetu anayeelewa.

Nimemtafuta muuguzi mmoja wa hospitali, mwenyeji wa Songea. Alisikiliza akiwa amesimama, akaomba irudiwe, akakaa. Ilikuwa barua! Enzi zile watu walitumiana kaseti badala ya karatasi, na hii haikutumwa. Anamsalimia mdogo wake kwa kumtaja kwa jina la baba, anataja kijiji, anataja mto wanaovuka kwenda kigangoni, anauliza kama mwembe wa kwa mama bado unazaa. Muuguzi ameniandikia neno kwa neno, Kingoni mstari wa juu, Kiswahili chini yake. Hivyo ndivyo nilivyotaka. Tafsiri peke yake ingenifunga kwenye masikio ya mtu mmoja.


5 Mei

Msibani Korogwe. Mvua hadi ndani ya turubai.

Wasifu wa marehemu ulisomwa na kijana wa kwaya: kuzaliwa, shule, ajira, ndoa, ugonjwa, ameacha mjane, watoto sita, wajukuu. Karatasi hizi huwa nazikusanya siku hizi. Mtu asiyekuwa na habari zozote za ukoo wake, aombe wasifu zilizosomwa misibani kwa miaka ishirini, atapata mifupa yote. Zina tarehe, zina vijiji, zina mpangilio wa watoto, na zimeandikwa usiku mmoja na watu waliokaa pamoja na kukubaliana.

Kukubaliana huko ndiko kwenye kasoro. Mke wa kwanza alikuwa amekaa safu ya nne, na hakutajwa. Nilimwona akisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua pochi akatoa leso akajifuta mvua usoni. Nyuma ya karatasi yangu nimeandika jina lake na la mwanawe, na tarehe ya leo.


3 Juni, Dar

Nyaraka za Taifa, Upanga. Barua ya utambulisho, kitambulisho, begi nje, kalamu ya risasi tu. Wahudumu ni wapole, na wanajua mafaili kuliko orodha ya mafaili.

Nilisoma kitabu cha wilaya cha Songea. Wakuu wa wilaya wa Kiingereza walikuwa wakikiandika na kukirithishana, kila wilaya na chake: mila, mipaka, mvua, machifu. Wenye enzi wa Njelu na Mshope wamepangwa baba hadi mwana. Ukiwa mjukuu wa nkosi, mtawala wa Kingoni, umemaliza kazi asubuhi moja. Raia wamo kama "watu". Taarifa za idara ya kazi za miaka ya hamsini ni hivyo hivyo, safu za idadi. Nimetafuta habari za SILABU, ile ofisi ya kuandikia manamba iliyoanza 1944, nikapata mpangilio wa usafirishaji, malori, posho ya njiani. Angalau sasa naelewa kwa nini watoto wake wanabishana juu ya miguu, lori na treni. Safari moja yaweza kuwa na vyote vitatu.

Sikupata jina lake na sikulitarajia. Ila nimepata majina ya majumbe wa eneo lile la kwenye kaseti, na tahajia ya kijiji ilivyoandikwa zamani, L mahali pa R. Nisingejua hilo, ningekosa kukiona kwenye rejista yoyote.

Jioni, kwa binamu, tumetafuta kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Shangazi anasema mjomba wa babu alichukuliwa kubeba mizigo vita vya kwanza, hakurudi. Hayumo. Tume yenyewe, katika ripoti yake ya 2021, ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Binamu anakaa nyuma kidogo ya Kariakoo, mtaa uliopata jina kutokana na jeshi la wabeba mizigo wa vita hivyo hivyo. Tulikwenda kununua chipsi huko huko tukarudi.


16 Juni

Kwa shangazi tena. Tulikuwa tunazungumzia mama yake bibi, upande wa Kibondei, nikauliza swali la kawaida tu: alitokea wapi kabla ya Muheza. Akanyamaza. Akasema: "Mwanangu, zima hiyo."

Nimezima. Alichokisema baada ya hapo ninakijua sasa, na humu hakiingii. Tumekubaliana hivi: nitakiandika karatasi tofauti, nitaifunga, juu ataandika yeye mwenyewe ni nani aruhusiwe kuifungua na lini. Akataja mtu ambaye sikumtegemea. Ni haki yake. Wako ndugu zangu wanaosema historia ni ya wote na kila kitu kiwekwe wazi kwenye kundi. Hao hawajawahi kukaa na mtu wa miaka sabini na tatu anayetetemeka mikono kwa ajili ya jambo lililotokea kabla hajazaliwa.


Songea, 14 Julai

Basi: Dar, Morogoro, Kitonga, Iringa, Njombe, baridi, Songea. Miguu imevimba.

Asubuhi nilipita Makumbusho ya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi wa Kingoni. Majina yao yameorodheshwa. Nilisoma yote nikitafuta linalofanana na la baba yake babu, kwa tamaa tu. Babu wa kila mtu hawezi kuwa shujaa.

Mchana kijijini. Nilifuatana na mzee mmoja, jirani wa nyumbani kwao yule muuguzi, na tukaanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliyetupokea ni mtoto wa yule mdogo wake babu anayesalimiwa kwenye kaseti, yaani baba yangu mdogo. Nimempigia goti, shikamoo, marahaba, viti vikaletwa. Akatuangalia kwa muda.

"Mmefuata shamba?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Miaka sabini na zaidi hakuna salamu, leo anatokea mwanamke wa Tanga na kaunta buku, anauliza mipaka ya ukoo. Nikamwambia mbele ya mwenyekiti, kwa sauti, kwamba shamba hatudai, mwembe hatudai, tunataka majina. Mwenyekiti akasema iandikwe. Tukaiandika, nikaweka sahihi, yeye akapiga muhuri. Baada ya muhuri maneno yalitoka kama maji. Mtu yeyote anayekwenda kwa ndugu waliopotezana, alimalize suala la ardhi kabla hajafungua daftari, vinginevyo kila jibu atakalopewa ni jibu la mahakamani.

Nilimwekea kaseti kwenye simu. Alisikiliza barua ya 1986 iliyokusudiwa baba yake. Mwembe, akasema, uliangushwa na upepo.


16 Julai

Parokia. Ni moja ya zile zilizozaliwa na Peramiho, ambako Wabenediktini walifika 1898, wakachomewa misheni 1905, wakajenga tena. Rejista hazipekuliwi na mgeni, na ni sawa, maana zina siri za watu walio hai. Nilikuwa na barua ya maombi kwa paroko: jina la Kikristo kutoka stakabadhi ya 1947, jina la baba, kigango, na miaka ya kukisia, 1930 hadi 1940. Ukija na "naomba mnitafutie babu yangu" utaambiwa urudi Jumatatu. Ukija na kigango na miaka kumi, katibu anavaa miwani.

Alipata saa tano kasoro. Mstari mmoja, Kilatini, mwandiko wa kulalia kulia. Tarehe ya ubatizo, 1938. Jina. Umri, kama miaka 9. Baba, jina lake, na pembeni mwake "paganus", mpagani. Msimamizi. Na mama: jina, na ukoo wake, Komba.

Hakuna mtu Tanga aliyewahi kulijua jina la mama yake babu. Jina lake la kwanza silitaji hata humu mpaka shangazi alisikie kwa mdomo wangu.

Pembezoni mwa rejista ya ubatizo ndipo mapadri huongeza kinachofuata maishani: kipaimara, ndoa na parokia ilikofungwa. Kipaimara kipo. Ndoa hakuna. Kwa kitabu hiki yeye bado ni kijana hajaoa, na zile habari za mke aliyeachwa kwao, kama alikuwepo, hazikupita kanisani. Nimezihamishia pembeni kabisa mwa upande wa kulia, zikae na alama ya kuuliza.

Katibu alinisomea, mimi nikanakili herufi kwa herufi, hata pale nilipodhani padri amekosea tahajia. Namba ya kitabu, namba ya mstari, tarehe ya leo. Nikaacha sadaka kidogo na nakala ya picha ya babu. Alishangaa. Wengi huja kuchukua tu, alisema.


Muheza, 4 Agosti

Nilimtajia shangazi jina la mama yake babu. Alikuwa anakuna nazi, hakuacha kukuna.

"Ndiye yule mtoto," akasema. "Yule wa baada ya baba yako. Ndilo jina lake."

Basi babu alikuwa amelileta, akampa binti, binti akafa, na jina likazikwa naye. Kwangu hilo ni ushahidi mzito kuliko stakabadhi: rejista ya kanisa na kumbukumbu ya mtu asiyesoma Kilatini zimekutana kwenye jina moja, na hazikuwahi kuonana. Nimelihamishia upande wa kushoto. Shangazi ameniamuru niliandike tena, kubwa, asije mtu akalikosea.

Kundi limewaka. Mmoja anataka mti wa ukoo uchapwe kwenye fulana kabla ya Desemba. Mwingine anauliza kwa nini mke mdogo wa baba mkubwa hayumo. Nimemjibu wa pili.


11 Agosti

Sasa upande wa bibi. Kwa babu nilikuwa na kodi, kipande, kanisa. Bibi hakulipa kodi ya kichwa, hakukata mkonge kwa kipande, hakubatizwa. Kilichobaki ni ndoa yake. Kabla ya BAKWATA kuwapo, ndoa za mtaa huu ziliandikwa na walimu wa madrasa kwenye madaftari yao wenyewe, mashahidi na mahari vikitajwa, mengine kwa herufi za Kiarabu ingawa lugha ni Kiswahili. Mwalimu wa msikiti ule alishafariki zamani. Mjane wake anasema daftari lipo darini, ndani ya mkoba, na kwamba lina wadudu.

Nimemwomba asilianike juani na asilipulizie dawa. Kesho baada ya alasiri nakwenda na brashi laini, karatasi safi, na mzee anayesoma maandishi yale. Shangazi anataka kuja pia. Nimemwambia ngazi ni ndefu, akasema atakaa chini ashike ngazi.